Kipindi cha Mkuu: shajara ya mradi wa afya ya wakuu wa shule, Mombasa 2025

Januari

Mradi wetu ni mdogo na lengo lake ni moja: mkuu wa shule ajue hali ya mwili wake na apate njia ya kuutunza bila kuitupa kazi. Tumejikusanya kutoka Kisauni, Nyali, Mvita na Likoni, wengine wa shule za msingi zenye sekondari msingi ndani yake, wengine wa sekondari za kutwa na za bweni. Mfadhili hatuna. Tumechanga tukanunua mashine mbili za presha, zile za kufungwa mkono wa juu, kwa kuwa za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi mtu asipouweka mkono sawasawa. Tunaye pia muuguzi mstaafu, sote twamwita Sista, ambaye amekubali kutuzungukia shuleni kwa nauli tu. Mungu ampe umri.

Kwa nini tumeanza, hakuna mkuu anayehitaji kuelezwa. Kila mmoja wetu ana mwenzake aliyemzika, au anayekwenda kumtazama nyumbani baada ya kiharusi, mkono mmoja hauinuki. Walikuwa watu wa kazi, na wengi wao walikuwa na presha ya miaka bila kujua.

Upimaji wa kwanza ulifanyika ofisini kwa mwenzetu wa Kisauni, wiki ya kufungua shule. Nje wazazi wamejipanga ukutani, huyu na sanduku la mwanawe, yule na barua ya chifu ya kuomba muda wa karo. Sista akamfunga kitambaa cha mashine, na papo hapo simu ikalia. Mkuu akaipokea kwa mkono wa pili huku mwingine umefungwa. Mashine ikasoma 164 kwa 98.

Sista hakuiandika. Alimwomba waende stoo ya vitabu, akamweka kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, shati limevuliwa upande mmoja. Akamwambia, “Mwalimu wangu, dakika tano hizi usiseme na mtu, hata na mimi.” Baada ya hapo mashine ikasoma 146 kwa 92, na baada ya dakika moja 144 kwa 92. Hizo ndizo zilizoingia daftarini.

Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu wengi wetu tumewahi kupimwa huku tunaongea, tumetoka kunywa kahawa, kibofu kimejaa, kisha tukaambiwa tuna presha au tukaambiwa hatuna. Kuongea peke yake kunapandisha namba. Lakini tusijidanganye upande wa pili: hata alipotulizwa, mwenzetu alikuwa juu ya 140 kwa 90, kiwango ambacho daktari hakipuuzi. Siku moja haimfanyi mtu mgonjwa. Alipewa mashine akae nayo nyumbani wiki nzima, apime asubuhi na jioni, aandike, kisha aende hospitali na daftari lake. Alikwenda, na dawa ameanza.

Februari

Kaskazi imetukalia. Kufikia saa nane mchana ofisi ya bati ni tanuri, feni inazungusha joto lile lile.

Jambo lililojitokeza katika kikao cha mwezi huu ni maji. Wakuu hawanywi maji, na sababu si kusahau. Mwenzetu wa Likoni, mama wa makamo, alilisema wazi: “Dada zangu, nikitoka ofisini kwenda chooni, mpaka nirudi nimesimamishwa na watu wanne. Naona heri nisinywe.” Kumbe anarudiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, anameza dawa, yanaondoka, yanarudi. Wenzake wawili wakainua mikono kuwa na wao ni hivyo hivyo. Ndugu zetu wanaume walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema yeye amewahi kulazwa kwa mawe ya figo.

Tuliyoamua: jagi la maji linakaa meza ya karani, si ya mkuu, na karani ndiye anayelijaza. Kipimo ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa manjano iliyokolea, umechelewa kunywa. Shule ya Likoni ilikuwa na choo kibovu nyuma ya jengo la utawala. Mama yetu alilipeleka suala hilo kwa bodi ya usimamizi kama suala la walimu wote wa kike, na bodi imekubali kukitengeneza na kukitia kitasa. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya afya kuliko semina yoyote tuliyowahi kualikwa.

La pili ni chai. Ofisi ya mkuu haikosi mgeni, na mgeni wa Pwani hanywi chai peke yake. Akija afisa wa elimu, chupa. Akija mwenyekiti wa bodi, chupa na mahamri. Akija muuza vitabu, chupa tena. Vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, ni vijiko kumi na vitano, yaani karibu gramu 60. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mwili unapata kwa siku, na kwa mtu wa kawaida hiyo ni kama gramu 50. Tumeipita kwa chai tu, mahamri hatujayagusa. Tukakubaliana jikoni ipikwe chai isiyotiwa sukari, bakuli liwekwe kando kila mtu ajitilie, na mkuu ajizoeze tangawizi na iliki. Mgeni hajalalamika hata mmoja.

Machi

Ramadhani imeingia, na nusu ya kikundi imefunga. Sista alilishughulikia mapema, kabla ya mwandamo: kila anayemeza dawa ya presha au ya sukari amwone daktari wake ili saa za dawa zihamishwe daku na futari. Kuacha dawa mwezi mzima kwa kuwa umefunga ni hatari, na wapo waliokuwa wakifanya hivyo kila mwaka.

Kwa wenye kisukari maelezo yalikuwa makali zaidi. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, mtu afungue, hata kama adhana ya magharibi imebaki nusu saa. Akisikia jasho baridi, mikono kutetemeka na macho kufifia, apime hapo hapo. Mmoja wetu alikuwa na wasiwasi kuwa kujidunga kidole kutaharibu saumu yake. Tukamwita ustadh anayefundisha dini shuleni kwake, akaja akaketi nasi, akasema damu ile ndogo ya kipimo haifunguzi, na kuwa anayejihatarisha kwa makusudi hajaambiwa afanye hivyo na dini. Tangu siku hiyo kipimo kinakaa mfukoni mwa kanzu yake.

Futari nayo tuliizungumza kwa heshima yake. Hakuna anayekwenda kumwambia Mswahili asile kaimati. Tuliloomba ni mpangilio: tende na maji, uji, kisha kuswali, na baada ya hapo viazi vya nazi au mihogo na samaki, kaimati zije mwisho na ziwe chache. Wanaokwenda tarawehe waende kwa miguu wakiweza.

Aprili

Shule zimefungwa, wakuu hawajafunga. Hesabu za muhula, mikutano, mafundi wa madawati. Hatukukutana.

Mei

Mvua ya mwaka, matope kila mahali, na hapa ndipo mradi ulipopata shina lake.

Wazo la awali la wengi lilikuwa mazoezi ya alfajiri. Kwa wakuu wetu halikushika. Anayevuka kivuko cha Likoni yuko foleni kabla jua halijatoka. Anayeishi Mtwapa yuko garini. Mwenye bweni alikuwa macho usiku kwa mwanafunzi mgonjwa. Jioni nako watu wanafika nyumbani giza limeingia, na akina mama wanapokewa na jiko.

Naibu wangu ndiye anayepanga ratiba ya shule. Nilikuwa naye ofisini akihamisha vipindi vya Kemia, ratiba ya ukutani imejaa vibanda vya rangi, kila mwalimu na herufi zake, hata maktaba ina kibanda, hata uwanja. Nikauliza, “Mimi niko wapi humu?” Nina vipindi vichache vya Historia kidato cha nne, basi. Saa zangu zilizobaki zote ziko wazi, na kilicho wazi shuleni kinachukuliwa na yeyote. Tukakubaliana naye hapo hapo: kila siku, kipindi cha pili, kibanda kimoja kiandikwe MKUU.

Dakika arobaini. Ishirini za kwanza ni mwendo wa haraka kuzunguka ua wote wa shule: ukuta wa nyuma, vyoo, jiko, tangi, uwanja, kurudi kwa lango. Uwe mwendo wa kukuwezesha kusema lakini usikuwezeshe kuimba. Ishirini zinazobaki ni za kuingia darasani na kukaa nyuma kusikiliza somo, kazi ambayo tunatakiwa kuifanya na mara nyingi tunaiahirisha. Mvua ikinyesha, ngazi zipo. Shule za Mvita zina ghorofa na veranda.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya jibu la karani mlangoni. Karani wangu alipendekeza aseme, “Mkuu yuko kipindini.” Mwenzetu mmoja wa Nyali, mtu mwenye msimamo, alipinga: mzazi ameacha kibarua chake, amepanda matatu mbili, halafu anaambiwa uongo. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini si uongo. Kipindi kimeandikwa kwenye ratiba, kina saa ya kuanza na kengele ya kumaliza, na mkuu yuko kazini kweli. Mzazi yule yule akimtaka mwalimu wa Hisabati aliye darasani, hukaa kwenye benchi akasubiri bila kinyongo. Tuliloongeza kwa ajili ya hoja ya mwenzetu ni kwamba benchi liwe kivulini, maji yawepo, na karani aandike jina na saa ya kuja ili aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Sasa shule ya Nyali ndiyo inayokishika kipindi hicho kuliko zote.

Faida ambayo sikuitarajia: nimeona mambo. Bomba la nyuma ya maabara lilikuwa linavuja bure. Wavulana wa kidato cha pili walikuwa na njia yao ukutani. Mpishi wetu anapikia kuni mbichi na anakohoa.

Chakula cha mchana kimefuata njia hiyo hiyo. Wengi wetu tulikuwa tunakula saa tisa, viazi karai vya langoni na soda, tumesimama. Sasa mkuu anakula kengele ya wanafunzi inapolia, chakula kile kile, wali na maharagwe, na mboga kando. Ukila cha wanafunzi unajua pia chumvi iliyotiwa. Kipimo cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na sufuria yetu ilikuwa imevuka hapo kwa mlo mmoja. Nimezungumza na mpishi, anatia kidogo na kukazia kwa kitunguu, nyanya na ndimu. Watoto walinung'unika wiki ya kwanza.

Juni na Julai

Kusi imeleta ubaridi, na Jumamosi tunatembea pamoja. Walio kisiwani wanakutana Mama Ngina. Wa Nyali na Kisauni wanakwenda ufuo wa Pirates maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu. Dakika ishirini za kila siku kwa siku tano ni mia moja. Jumamosi tukitembea saa nzima tumevuka zile 150 ambazo mtu mzima anahitaji kwa wiki. Akina mama wameniambia pwani ile imewapa kitu cha zaidi, mahali pa kusemezana mambo ya shule na mtu anayeyaelewa, bila kikao na bila kumbukumbu za kikao.

Usingizi ndio mgumu. Simu ya mkuu hailali. Kuna kikundi cha WhatsApp cha walimu, cha bodi, cha wazazi wa kila kidato, cha wakuu wa kaunti ndogo, cha michezo. Ujumbe wa saa tano usiku unaomba takwimu za kesho asubuhi. Kuzima simu hatuwezi. Mwenye bweni akizima simu, moto ukitokea atajibu nini? Tulichofanya ni kuchuja. Simu inawekwa kimya kuanzia saa tatu na nusu, isipokuwa namba chache zilizoruhusiwa kulia: mlinzi, matroni, naibu, na jamaa wa nyumbani. Vikundi vyote vinasubiri alfajiri. Mwenzetu wa bweni, baada ya kufanya hivyo, aligundua kuwa katika simu zote za usiku zilizokuwa zikimwamsha, za dharura zilikuwa haba sana.

Hapa niandike pia habari ya yule wa Kisauni wa mwezi wa Januari. Sista alimkuta amevaa kandambili ofisini. Miguu imevimba vifundoni, viatu haviingii, na dawa ameiacha kimya kimya kwa kuwa aliona ndiyo inayomvimbisha. Presha imerudi palepale. Dawa aliyopewa ni amlodipini, na kuvimba vifundo ni jambo linalojulikana kwayo. Sista hakumgombeza. Alimwambia, “Ungeniambia, Mwalimu. Dawa za presha ni nyingi, daktari atakubadilishia.” Akamsindikiza kliniki mwenyewe. Amebadilishiwa, viatu vinaingia, anameza. Ninasikitika kufikiria ni wangapi wameacha dawa kwa sababu kama hiyo na hakuna aliyewatembelea. Presha haiumi. Mtu akiacha dawa hasikii chochote, ndiyo maana anaamini amepona.

Agosti na Septemba

Vipindi vinaendelea. Choo cha Likoni kimekamilika.

Mwisho wa Oktoba na Novemba

Mitihani. Gredi ya 6, Gredi ya 9 kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, kisha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Asiyewahi kuwa mkuu hajui miezi hii inavyomla mtu. Mkuu ndiye msimamizi wa kituo. Alfajiri yuko kwenye kontena la kaunti ndogo kuchukua karatasi, kuna afisa wa polisi, kuna sahihi, kuna kufuli. Anarudi shuleni, mtihani unaanza, haondoki. Mchana anarudi kontenani tena kuchukua karatasi za alasiri, maana sasa zinachukuliwa mara mbili kwa siku. Jioni anazirudisha zilizofanywa. Roho iko juu tangu asubuhi, kwa kuwa bahasha moja ikiwa na hitilafu ni jina lake.

Kipindi cha MKUU hakikuwezekana, na hatukukilazimisha. Tuliandaa mambo ya kutushikilia tu. Kikapu kinafungwa usiku: mihogo ya kuchemsha au viazi vitamu, mayai mawili, ndizi, chupa ya maji, chupa ya chai isiyo na sukari. Dawa ziko ndani ya kikapu hicho, si kabatini nyumbani, na simu inalia kengele ya kuzikumbusha. Taa inazimwa saa tatu usiku. Wanaoendesha gari wenyewe waliombwa waende na dereva wa shule au teksi zile siku za karatasi mbili, kwani kusinzia kwenye usukani katika foleni ya Kisauni baada ya siku kama hiyo ni jambo la kweli. Kati ya mtihani mmoja na mwingine, anayesimamia ananyoosha miguu verandani badala ya kukaa saa zote.

Mama yetu wa Likoni alipata hali ya moyo kwenda mbio katikati ya wiki ya KCSE, kifua kikambana. Naibu wake hakusubiri mtihani uishe. Alishika kituo kwa utaratibu uliokuwa umeandikwa, mama akapelekwa hospitali. Moyo ulikuwa mzima, uchovu na wasiwasi ndivyo vilivyomwelemea, lakini maumivu ya kifua hayapimwi kwa kukisia, na alifanya sawa kwenda. Nawaomba wakuu wote waandike mapema nani anashika kituo mkuu akianguka, kisha naibu ajue, karani ajue.

Desemba

Sista amewapima wote tena, kwa utaratibu ule ule wa stoo ya vitabu. Wa Kisauni yuko 132 kwa 84. Kuna ambao namba hazijasogea, na wawili kati yao wameelekezwa kwa daktari kwa mara ya kwanza. Mmoja wa Mvita alikuwa akisoma juu mwaka mzima, na Sista akashuku kitambaa: mkono wake ni mnene, na kitambaa kikiwa kidogo kwa mkono hupandisha namba bila sababu. Tumenunua kikubwa. Atapimwa upya kwanza, kabla mtu hajaongea habari ya dawa.

Januari ina mzigo mpya, Gredi ya 10 inaingia sekondari, na wenzetu wa huko watakuwa na madarasa, vitabu na walimu wa kutafuta. Kwa hiyo ratiba zinapangwa sasa, Desemba hii hii, na kibanda cha MKUU kinaingia kwanza kabla ya Hisabati. Naibu na makarani wanakaribishwa kupimwa pamoja nasi kuanzia kikao kijacho, kwa kuwa wao pia wamo ndani ya joto lile lile. Mashine moja inahitaji betri. Kikao ni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, Likoni, na mwenye daftari la nyumbani aje nalo.